Chupa Sita Juu ya Injini

Lori la Baba lilikuwa limepita kilomita 900,000 lilipoanza kukataa kuwaka likiwa la moto. Asubuhi halikuwa na neno: lilitoa moshi mweupe kidogo, likatetemeka, kisha likatulia. Lakini ukilizima baada ya safari na kutaka kuliwasha tena muda mfupi baadaye, starta ilizunguka mpaka betri ikalegea. Mlimani lilitoa moshi mweusi. Kilichomkosesha Baba usingizi, hata hivyo, ni oili. Badala ya kupungua, kila alipochomoa kijiti cha kupimia aliikuta imepanda, na ilinuka dizeli.

Mimi nilikuwa utingo wake, kwa hiyo gereji niliingia naye.

Fundi alimsikiliza Baba, akapanda kuchungulia odomita, akashuka na jibu. "Mzee, kwa kilomita hizi tusizungushane. Nozeli zote sita, na pampu." Alimaanisha tubadili vile vinyunyizio vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, pamoja na pampu inayovisukumia dizeli hiyo.

"Fundi," Baba akasema, "nimekuletea mgonjwa apimwe, wewe tayari unachonga jeneza."

Walicheka wote wawili, lakini hakuna aliyerudi nyuma. Hoja ya fundi ilikuwa kwamba nozeli hizo zimezaliwa siku moja na kunywa dizeli ya tangi moja. Ikifa moja, wenzake wako njiani, na kufungua injini kila baada ya miezi ni kulipa kazi ileile mara nyingi. Baba yeye aliogopa ringi za pistoni, zile pete zinazozuia gesi isipenye pembeni ya pistoni. Kama silinda zenyewe zimechoka, nozeli mpya zitasaidia nini? Nami nilimwona ana haki: hilo ndilo swali la kwanza kwa injini iliyotembea hivyo, na ndilo watu hulisahau.

Basi wakaanza na ringi. Injini ikiwa inanguruma, fundi alilegeza kifuniko cha oili akakiacha kimekaa juu ya tundu lake. Kama gesi ya mlipuko inapenya kwa wingi kwenye ringi, kifuniko hurushwa na tundu likafuka moshi. Kilicheza kidogo tu, hakikuruka. Baadaye walipima kompresheni pia, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na silinda zote zilikaribiana. Injini ilistahili kutumiwa hela.

Hapo Baba alichukua spana. Kwenye malori aliyoyajulia kazi, ukitaka kujua silinda gani haifanyi kazi unalegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwaka, moja baada ya nyingine. Ile isiyobadilisha mngurumo ndiyo mbovu. Fundi alipiga kelele ambayo sijaisahau. Lori letu lilikuwa la mfumo wa reli moja, yaani bomba moja nene linalolisha nozeli zote, na humo dizeli inakaa kwa shinikizo linaloweza kupita bar 1,600. Ikifyatuka kwenye ufa mdogo inapenya ngozi kama sindano ya hospitali, na jeraha linaloonekana dogo huweza kumpotezea mtu mkono. Baba aliirudisha spana mfukoni bila kusema kitu.

Kipimo chenyewe hakikuhitaji ubabe. Kila nozeli hurudisha dizeli kidogo kwenye tangi, na kwenye lori letu mipira hiyo ya kurudishia ilikuwa nje. Tuliichomoa, kila mmoja tukauelekeza kwenye chupa yake, chupa sita zikapangwa juu ya injini, nami nikapewa kazi ya kuzichunga zisianguke. Injini ilinguruma. Chupa nne zilipanda polepole, karibu sawa. Ya pili na ya tano zilijaa kwa kasi hata mimi nikaelewa. Vali za ndani ya nozeli hizo zimekwisha, fundi akaeleza: dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kuvuja zaidi, shinikizo halipandi, ndiyo maana lori linagoma likiwa la moto.

Ikabaki pampu. Fundi alimwaga dizeli ya kwenye filta ndani ya beseni jeupe, akapitisha sumaku. Kama angekuta vumbi la chuma, maana yake pampu inajisaga, na hapo ingebidi kubadili kila kitu, mpaka reli na mabomba, na kuosha tangi. Hakukuta. Kisha akaziba njia za nozeli mbili mbovu kwa vizibo maalumu, akapiga starta huku akitazama kompyuta. Shinikizo ambalo hapo kabla lilikuwa halifiki bar 200 lilipanda papo hapo. Pampu ilikuwa nzima.

Baba aliniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Alifurahi mapema. Fundi alisisitiza nozeli nne zilizobaki zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, kwa sababu chupa zinaonyesha kinachorudi, hazionyeshi ncha inavyorusha dizeli ndani ya silinda. Na kweli, moja kati ya zile nne, ambayo chupa yake ilikuwa safi kabisa, ilidondosha matone badala ya kupuliza ukungu. Ndiyo iliyokuwa inaosha ukuta wa silinda na kuteremsha dizeli kwenye oili. Ingeachwa, ingeweza kutoboa pistoni.

Tukabadili tatu, na washa za shaba zote sita, zile pete za kuziba chini ya nozeli. Nilimsomea fundi namba zilizochongwa kwenye nozeli mpya akaziingiza kwenye kompyuta, maana kila moja ina namba yake na injini hupima dizeli kwa kufuata namba hiyo. Oili ilimwagwa yote na filta yake, kwani oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kulinda beringi.

Lori liliwaka likiwa la moto, mara moja, tena na tena. Wakati wa kulipa, Baba alisema ameokoa pampu na nozeli tatu. Fundi akajibu kwamba kama angemsikiliza mzee na vichupa vyake, ile ya tatu ingeua injini. Waliendelea hivyo mpaka nilipomaliza kufunga bolti za kinga ya chini, na Baba akaanza kupiga honi.