Mbegu za Mama Mkubwa

Mgongo umegoma leo. Mvua zimeshika huku Njombe, kwa hiyo tangu asubuhi tuko shambani tunapanda viazi mviringo.

Mama mkubwa hatumii kamba ya kupimia mistari. Anatangulia na jembe, anachimba shimo, anasogea, anachimba lingine. Mdogo wangu anaweka samadi na kuifunika kwa udongo kidogo, mimi naja na ndoo ya mbegu. Mchana nilipima kwa rula: shimo hadi shimo karibu sentimita 30, kipimo kilekile cha mabwana shamba.

Kazi ya mkono hasa ni kuchagua. Kila kiazi, ukubwa wa yai la kuku, unakigeuza kabla hakijaingia shimoni, machipukizi juu. Vilivyokaa uchanjani kwenye mwanga hafifu vina machipukizi mafupi, manene, magumu. Vilivyoachwa gizani vimetoa marefu meupe yanayokatika ukiyagusa tu, na hivyo anavirudisha jikoni bila mjadala.

Lakini si kila sifa wanayopewa wazee kwa kilimo chao naikubali. Wengi hapa wakivuna, vikubwa vinaingia kwenye lumbesa, yale magunia ya kuuza yanayojazwa kupita kiasi, vya kati vinaliwa, vidogo ndiyo mbegu. Udogo huo mara nyingi umetoka kwenye shina lenye virusi, na ugonjwa unapandwa upya kila msimu. Mama mkubwa anafanya kinyume. Viazi vikichanua anapita akichomeka vijiti kwenye mashina yenye afya, na mbegu anazitoa hapo tu. Shina likinyauka wakati udongo una maji na majani bado mabichi, analing'oa pamoja na viazi vyake vyote. Kisha anakata kipande cha shina na kukisimamisha kwenye glasi ya maji safi. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ni mnyauko bakteria, na dawa ya kupulizia haipo. Kibaya zaidi, kiazi kinaweza kuubeba huku kwa nje hakina hata doa.

Kesho tunamalizia kipande cha juu. Cha bondeni amekataa katakata, maana msimu uliopita mashina yalinyauka pale, patapandwa mahindi. Shemeji amelalamika kwamba hela iko kwenye viazi. Mama mkubwa akamwambia aende akatafute mbegu ya mahindi.