Uzi wa kanga ndani ya simu

Jana sijamaliza hata kutandaza bisibisi mezani, mama anayetuuzia maandazi hapa Kariakoo akanikabidhi simu yake. "Fundi, watu nawasikia kama wako kisimani. Halafu nikiifunga kiunoni haitetemeki, simu zinanipita."

Spika ya sikioni nilipima kwa mita, ikasoma ukinzani wa kama omu 32, kwa hiyo koili (waya uliozungushwa ndani yake) haijakatika. Shida ni wavu: unga na mafuta vimegandamana kama chapati. Mswaki, spiriti kidogo, sauti ikarudi. (Kuna mafundi wangemuuzia spika mpya, tunajuana.)

Mota, ile inayotetemesha simu, ndiyo ilinichekesha. Ni ile ya zamani, kimota kidogo chenye kipande cha chuma cha nusu mwezi kwenye ekseli. Kikizunguka, uzito unavutia upande mmoja tu, simu inatikisika. Sasa uzi wa kanga ulipenya, ukajiviringisha shingoni mwake. Nikauchomoa kwa kibano, kikaanza kuunguruma.

Simu nyingi mpya hazina hicho kizungukaji. Zina sumaku kwenye springi, inakwenda na kurudi, mtikisiko wake mfupi na mkali. Kitufe cha chini cha iPhone 7 ya 2016, kwa mfano, hakibonyei hata kidogo. Ni mtetemo unaokudanganya kidole. Izime ujaribu: hutahisi kitu.

Mama aliuliza bei. Nikamwambia maandazi manne na chai. Akaleta sita.