Siku Moja na Gitaa Lenye Tumbo

Saa 1:30 asubuhi nafungua karakana yangu ya kutengeneza magitaa hapa Magomeni. Kabla sijagusa chochote natazama kipimo cha unyevu ukutani: asilimia 81. Ni masika, mbao zinakunywa maji hewani. Gitaa nililolilaza mezani jana likiwa limenyooka, leo shingo imepinda kidogo kwenda mbele. Nalegeza nyuzi, nakaza chuma kilicho ndani ya shingo robo mzunguko, basi. Chuma hicho hakitaki pupa. Mti unahitaji muda wa kukubali.

Saa 2:15 mwenye gitaa anaingia. Ni mpiga solo wa siku nyingi, mtu wa muziki wa dansi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa wangu ameamkaje?"

Gitaa lake ni jipya kwa umri, la zamani kwa umbo. Limeundwa kwa mtindo wa gitaa la ES-175, ambalo kampuni ya Gibson ililitoa mwaka 1949: tumbo pana lililo wazi na matundu mawili ya herufi f. La mzee lina pikapu mbili, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi. Mzee ana shida tatu. Volyumu zinakwaruza, sauti ya nyuzi inapotoka kadiri anavyopanda juu ya shingo, na ukumbini spika zinapiga mluzi akisogea tu karibu na amplifaya. Anataka nigundishe gogo la mti ndani ili mluzi uishe.

Nilimkatalia, kwa heshima. Gogo la katikati linafanya kazi kweli. Ndiyo sababu mwaka 1958 ilitoka ES-335, yenye mti katikati ya tumbo. Lakini hilo ni gitaa jingine. Ukijaza tumbo, ile sauti ya mti mkavu inayotangulia mlio wa umeme, inayomfanya mzee alipende gitaa hili, inakwenda na hairudi. Mimi sifanyi badiliko ambalo fundi wa kesho hawezi kulitengua. Mzee akafikiri, akasema, "Haya, fanya unavyojua."

Saa 3 naanza na nyaya. Gitaa la ubao mtupu mara nyingi lina mfuniko nyuma, unafungua skrubu chache umemaliza. Hili halina. Kila kitu kiliingia kwa tundu la f na lazima kitoke kwa tundu la f. Nafunga uzi wa kushonea kwenye kila mhimili wa volyumu kabla ya kuusukuma ndani, ili mwisho wa uzi ubaki nje na unionyeshe njia ya kurudi. Zikishatoka, natoboa matundu kwenye kadibodi kwa vipimo vilevile vya uso wa gitaa na kupanga humo volyumu mpya za kilo-omu 500 na kapasita za maikrofaradi 0.022. Hapo nalehemu nikiwa nimekaa vizuri, bila moshi wa kulehemu kugusa vanishi.

Saa 5 kasorobo umeme unakatika. Zimebaki ncha mbili.

Basi nahamia kwenye daraja, kipande cha mti kinachobeba nyuzi juu ya tumbo. Daraja la gitaa hili halikupigiliwa. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, na nikilitazama dhidi ya mwanga wa mlango naona upenyo chini ya kitako chake. Kila upenyo ni sauti inayopotea. Naweka msasa juu ya uso wa gitaa, upande mkali ukitazama juu, nasugua daraja taratibu hadi kitako kichukue mviringo wa tumbo. Saa nzima. Kijana ninayemfundisha aliomba nimwachie. Nikampa dakika ishirini za mwisho, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

Umeme unarudi saa 7, wakati tunamalizia wali maharage. Nalehemu zile ncha mbili na kurudisha kila kitu ndani kwa kuvuta nyuzi za kushonea. Napima kwa mita waya wa ethi unaokwenda kwenye chuma cha mkiani. Daraja ni la mti, kwa hiyo waya huo ukikatika gitaa litanguruma usiku kucha.

Saa 9 ndipo nagundua kwa nini sauti ilipotoka. Daraja limechongwa kwa ajili ya uzi wa tatu uliozungushiwa waya, na mzee alikuwa amefunga uzi wa tatu mtupu. Naweka seti inayoanza na inchi 0.011, yenye uzi wa tatu uliozungushiwa. Kisha freti ya 12, yaani kijiti cha chuma cha 12 shingoni: nagusa uzi nipate mlio wa kengele, nabonyeza palepale nilinganishe. Mlio wa kubonyeza ukiwa juu, nasogeza daraja nyuma. Ukiwa chini, nalisogeza mbele. Nusu milimita inasikika.

Mwisho, kwa ajili ya ule mluzi, nakata sponji nyeusi kwa umbo la matundu ya f, naibana bila gundi. Akiwa nyumbani ataitoa kwa vidole.

Saa 11 mzee anarudi. Anachomeka, anaongeza sauti kupita nilivyothubutu mimi, anasogea hadi mbele ya amplifaya. Kimya. Halafu anaanza kucharaza solo juu kabisa ya shingo, na kijana wangu anaacha kufagia.