Kabla hujalipia leza ya macho Uingereza

Tangu leza inivue miwani, simu hazikauki. Binamu yangu wa Birmingham, dada tunayepanda naye basi la alfajiri kwenda ghalani, hata jamaa ambaye hatujasalimiana tangu tuko sekondari Tanga, wote swali ni moja: nifanye ipi, na ni bei gani? Naandika hapa mara moja ili nipumzike.

Pesa kwanza, maana ndipo mnapotaka kufika. NHS, huduma ya afya ya serikali, hailipii leza kwa mtu ambaye miwani inamtosha. Unalipa mwenyewe, na macho mawili yanakula maelfu ya pauni, ingawa kliniki nyingi zinakubali ulipe kwa awamu. Lile bango la "kuanzia" usilitegemee. Bei hiyo mara nyingi ni ya wenye namba ndogo ya miwani, na ukija na minus sita kama yangu hesabu inaandikwa upya. Wapo wanaopanda ndege kwenda Istanbul na wanarudi wanaona vizuri. Sikatazi. Ila jiulize nani atakuangalia jicho likianza kuwasha wiki ya tatu, nawe umesharudi Leicester.

Aina sasa. Leza zote zinafanya kazi kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Kwenye LASIK, tabaka jembamba la konea linakatwa na kufunuliwa kama jalada la daftari, leza inanyoa chini yake, kisha jalada linarudishwa. Wengi kesho yake wanasoma saa ya ukutani. SMILE, inayotumia mashine ya Zeiss ya Wajerumani, haifunui kitu: leza inachonga kipande ndani kwa ndani na daktari anakivuta kupitia tundu la milimita chache. PRK ndiyo kongwe. Ngozi ya juu kabisa inapanguswa, leza inanyoa hapohapo, na ngozi inaota upya yenyewe. Namba ikiwa kubwa mno kwa leza, kuna lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi yako ya asili.

Mimi niliingia nikiitaka SMILE, nimeshajisomea. Daktari akageuza skrini, nikaiona ramani ya konea yangu ikiwa na rangi kama ramani ya mvua kwenye taarifa ya habari, na katikati namba: mikroni 490, yaani chini kidogo ya nusu milimita. Akanifanyia hesabu mbele yangu. Kila diopta moja, yaani namba moja ya miwani, inanyoa takriban mikroni 15, kwa hiyo minus sita ni 90. Jalada la LASIK ni kama 110. Kinachobaki hakifiki 300, na yeye chini ya hapo hagusi. SMILE nayo inahitaji kifuniko cha juu, kwa hiyo haikuniokoa. Ikabaki PRK, isiyo na jalada wala kifuniko. Na hili tulijue: sisi wenye asili ya Afrika, kwa wastani, konea zetu ni nyembamba kuliko za Wazungu. Jirani yako Mwingereza kupata LASIK hakukuhakikishii wewe chochote.

Ramani hiyohiyo ndiyo inayoonyesha keratokonasi, konea inapokonda na kuchomoza kama koni. Kama utotoni ulikuwa mtu wa mzio na kufikicha macho, na wengi wetu tulikuwa hivyo, iambie kliniki. Rafiki yangu alikataliwa leza kwa sababu hiyo, akanuna. Lakini walimwandikia barua, na NHS ikamtibu bure kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, ili konea ikaze isiendelee kuharibika.

Siku yenyewe ni fupi. Matone ya ganzi, kibanio cha kuzuia kope, taa unayoambiwa uikodolee, kisha mlio wa tatata na harufu ya nywele zilizoungua. (Leza hii, Rangaswamy Srinivasan wa IBM aliijaribu mwaka 1981 kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Nilikumbuka hilo nikiwa nimelala pale, sikulipenda.) Maumivu yalikuja usiku: machozi, mchanga, mwanga wa simu kama jua la saa sita. Shangazi alipiga kutoka nyumbani.

"Kwa hiyo jicho limechomwa ukiwa macho?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na pesa ukatoa wewe?"

PRK inataka subira. Uoni ulitulia baada ya wiki kadhaa, siyo asubuhi moja, na macho makavu yananisumbua hadi leo hita ikiwashwa. Usiku taa za magari zilikuwa na duara la mwanga kwa muda mrefu. Dereva wa usiku alipime hilo kabla ya kusaini.

Kaka zangu mliovuka arobaini, leza haizuii macho ya kusomea kuchoka. Mnaweza kurekebishiwa jicho moja la mbali na jingine la karibu, lakini ombeni kwanza kujaribishwa kwa lenzi za kuvaa.

Kuhusu daktari, ulizeni kama ana CertLRS, cheti cha chuo cha madaktari bingwa wa macho cha Uingereza. Atakayekupasua akuone yeye mwenyewe kabla ya siku ile, na upewe angalau wiki moja ya kufikiri. Muuzaji akikwambia punguzo linaisha kesho, toka. Na kama unavaa lenzi laini, ziache wiki moja au mbili kabla ya kupimwa, kwa sababu zinabadili umbo la konea na ile ramani itatoka na uongo.