Malaika Hakumwambia Eliya Afunge

Somo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari za Eliya huwa tunazianzia chini ya mretemu, pale alipomwomba Mungu aitoe roho yake. Wiki hii nawaomba turudi nyuma mistari michache. Muda si mrefu kabla ya hapo, nabii huyu alijikaza viuno akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Mtu kwa miguu yake, anatangulia farasi! Ukifungua sura inayofuata, hataki tena kuishi. Simwiti Eliya mgonjwa, Biblia haisemi hivyo. Ila mimi ninayeishi na baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kupita kiasi kisha ukamshusha kwenye huzuni nzito, nikifika hapo nasoma taratibu.

Sisi wa Tanga tunaijua bamvua: maji yanajaa hadi yanapiga ukuta, kisha yanakupwa mpaka ngalawa zinalala kwenye matope. Nilipojaa, nililala saa mbili tu kwa usiku, wiki nzima, na sikuchoka. Niliongea bila kituo. Nikakopa mifuko 50 ya saruji nijenge kanisa ambalo hakuna aliyenituma kulijenga. Ndugu katika imani walifurahi, wakasema moto umeshuka. Nilipokupwa nikajifungia chumbani, Ngamiani, siogi, sili, nawaza kufa. Wale wale wakasema ni pepo. Nikaambiwa nifunge siku 7 na kukesha. Nikatii. Kule kukesha kukanirusha juu tena, vibaya kuliko mara ya kwanza.

Sasa mtazameni malaika. Hamkemei Eliya, wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamgusa. Anampa mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji, kisha anamwacha alale tena. Anarudi mara ya pili, anamwambia ale, maana safari ni kubwa kumshinda. Zile siku 40 za kwenda Horebu zinakuja baadaye, kwa nguvu za chakula kile.

Kwangu mimi malaika alikuja kwa sura ya mama mkubwa. Alileta uji, akaketi miguuni pangu, hakuhubiri. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, twende hospitali. Kuomba, tutaomba njiani."

Huko nilielezwa kwamba mtu mwenye baipola akikosa usingizi, hilo peke yake laweza kumpandisha. Anayemeza litiamu, dawa ya baipola, akifunga bila maji, na joto letu hili la pwani, dawa yaweza kuzidi kwenye damu ikawa sumu. Kwa hiyo amuulize daktari wake kabla ya kufunga. Dawa haziachwi ghafla kwa kuwa umeamka mzima na unataka kutoa ushuhuda Jumapili. Na mwenye sonona, yaani ile huzuni nzito, akikwambia anataka kufa, usimwache peke yake hata dakika moja. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa naye.

Kanisa katika mkoa wetu liliyajua haya zamani. Kule Lutindi, milima ya Usambara upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na watoto waliokombolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hadi leo iko chini ya kanisa. Ibada ipo, dawa zipo, na mashamba ya chai yapo. Nani aliyetufundisha sisi kwamba vitu hivi vinagombana? Swali hili huniuma, kwa sababu najua wapo kati yetu wanaomeza vidonge kwa kujificha, wakiogopa kuitwa wenye imani haba.

Ijumaa tuna mkesha. Nitakuja saa mbili, tutaimba pamoja, na saa nne nitaondoka nikameze dawa nilale. Mtakaobaki hadi alfajiri, niombeeni usingizi.