Kamera za nyumbani hazionekani ukiwa nje? Kagua CGNAT kwanza

Faiba imeshavutwa, kasi nzuri, lakini ukiwa kazini huoni kamera za nyumbani. Umefungua poti kwenye rauta, umewasha DMZ (kuelekeza maombi yote ya nje kwa kifaa kimoja), umeweka na DDNS (jina linalofuata IP yako ikibadilika), wapi. Kabla ya kumwita fundi, ingia kwenye rauta usome anwani ya IP kwenye ukurasa wa WAN (upande wa intaneti), kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP. Zikitofautiana, na ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT: kampuni imewarundika wateja wengi kwenye anwani moja ya IPv4. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Wengine hutumia 10.x, na matokeo ni yaleyale.

Ombi linalotoka nje huishia kwenye mtambo wa kampuni, ambao haujui limpelekee mteja gani, hivyo hulitupa. Ndiyo maana kununua rauta mpya au kuweka ONU (kifaa cha kupokea faiba) kwenye hali ya bridge (kupitisha tu, rauta yako ndiyo ipokee IP) hakubadilishi kitu.

Uhaba wa IPv4 ni wa kweli, sikatai. Lakini mteja ana haki ya kuambiwa kabla ya kulipa. Uliza kwa maandishi kama kifurushi kina IP ya umma, na kama hakina, inauzwa kiasi gani kwa mwezi.

Wakigoma, kodi seva ndogo yenye IP ya umma na uweke WireGuard, programu ya VPN itakayounganisha simu yako na nyumbani kupitia seva hiyo. Nyumbani tafuta Raspberry Pi (kompyuta ndogo) au rauta yenye OpenWrt (mfumo huria wa rauta), kwa sababu DVR (mashine za kurekodi kamera) nyingi haziwezi kuendesha WireGuard zenyewe. Nyumbani ndiko kunakoanzisha mawasiliano kwenda kwenye seva, UDP 51820, na hapo CGNAT haizuii. Upande wa nyumbani weka PersistentKeepalive = 25 (ujumbe mdogo kila sekunde 25), la sivyo mtambo wa kampuni utasahau njia baada ya muda mfupi wa ukimya na simu yako haitafika nyumbani.

Wengi hukwama hapa: handshake (dalili kuwa WireGuard imeunganika) inaonekana, Pi inajibu ping, lakini DVR haijibu. Kwenye seva, AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopitia WireGuard) ya Pi lazima iwe na mtandao wa nyumbani, na kwenye simu vilevile. Washa net.ipv4.ip_forward (ruhusa ya kupitisha data ya vifaa vingine) kwenye seva na kwenye Pi. Halafu DVR hurudisha majibu kwa rauta, si kwa Pi, kwa hiyo weka masquerade kwenye Pi (maombi yaonekane yametoka kwa Pi yenyewe), au static route (maelekezo ya kudumu ya kurudi kupitia Pi) kwenye rauta kama kampuni haijaifunga menyu hiyo.

Badilisha pia mtandao wa nyumbani kutoka 192.168.1.0/24, uweke mfano 192.168.57.0/24. Wi-Fi ya ofisi ikiwa na namba zilezile, simu itaitafuta DVR palepale ofisini. Kurasa zikifunguka nusu kisha kuganda, shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WireGuard kutoka 1420 hadi 1380 ujaribu tena.