Muvi za kwetu ambazo sitachoka kuwaambia watu wazitazame
Jamani juzi nimerudia Supa Modo mara ya tatu na nimelia tena, yaani we acha tu. Ni ya Kenya, 2018, kaitengeneza Likarion Wainaina, inahusu katoto kanaitwa Jo kanaumwa ugonjwa usiopona na kanajiona ni supahiroo, sasa dada yake anawashawishi wanakijiji wote wamsaidie aamini kweli ana nguvu, na mama yake alikuwa hataki kabisa mwanzoni. Kilichonimaliza ni sura ya yule mama, anamtazama tu mwanae hasemi kitu na wewe unajua kila anachokiwaza, hapo ndo naona uigizaji, sio hizi za kupiga kelele dakika tisini.

Ya pili Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 50, Waingereza bado wanatawala, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa halafu anakutana na Denge mpigania uhuru. Itazameni usiku taa zimezimwa maana ile picha ina vivuli na rangi za kutulia nazo, ukiangalia kwenye simu juani unaikosa nusu. Na Kiswahili chake jamani, kitamu mno.

Nairobi Half Life ya 2012 nadhani wengi mmeshaiona, kama bado anzeni nayo wikiendi hii, Mwas anaibiwa kila kitu siku ileile anafika Nairobi na bado anang'ang'ania kuwa mwigizaji.

Mkimaliza Supa Modo njooni tuongee.